Alichokiona Nsobila Kihengeni

Mama akiwa na hasira husema, na mtoto aliye karibu husikia. Kulijua hilo hakuhitaji shule. Lakini wengi wetu tukiona mtoto kanyamaza tunadhani neno limempita, limekwenda na upepo. Halikwenda popote. Limeingia, limekaa.

Yinpoka, mke wa Kolog, naye alidhani limekwenda na upepo.

Ulikuwa mwezi wa njaa, ule ambao mawele shambani yamefika magotini na mitungi nyumbani haina kitu. Kila asubuhi Kolog aliegemeza ngazi yake ya gogo kwenye kihenge, akapanda, akakivua kile kifuniko cha nyasi taratibu kama anamvua mzee kofia, akatumbukia ndani. Waliobaki chini walisikia kata ikikwaruza tu. Kisha alitoka na bakuli la mawele, akafunika, akashuka, akamkabidhi mkewe. Mwingine hakupanda. Huku chini ya vilima vya Tongo mke hapandi kihenge cha mumewe, na kifungua mimba wa kiume hata kuchungulia haruhusiwi mpaka baba afe na matanga yake ya mwisho yafanywe. Siku hiyo wakubwa humpandisha wenyewe wakamwambia, angalia, sasa ni chako. Akichungulia kabla ya hapo ni sawa na kumwambia baba yake: kufa, nirithi. Jambo hilo watu hawabishani nalo, kama wasivyobishana na mvua.

Basi bakuli likaanza kupungua. Kwanza lilikosa kilele, kisha likashuka chini ya ukingo. Yinpoka alisaga kidogo akaongeza majani mengi, ugali ukawa wa kijani. Asibi, kitinda mimba wake, akawa analia kabla ya kula na baada ya kula.

"Baba Nsobila," Yinpoka alisema asubuhi moja, "hili bakuli ni la watu au la vifaranga?"

"Kihenge lazima kitufikishe kwenye mavuno. Pika."

"Nipike nini? Mawele au vumbi lake?"

"Pika ulichopewa. Mimi usinihesabu, nimekula kwa kaka."

Akachukua jembe akaliweka begani. Alipopita kwenye kihenge alikipiga ubavuni kwa kiganja, pa, pa, kama mtu anayempiga ng'ombe wake aliyenona, akaenda zake shambani.

Hasira ya Yinpoka ikakosa pa kwenda. Nsobila, kifungua mimba wake, kijana ambaye ndevu ndiyo kwanza zinamwota, alikuwa amechuchumaa kando ya mafiga akimbembeleza mdogo wake. Neno likamwangukia yeye.

"Umemwona baba yako? Kihenge kimejaa, moyo mtupu. Anashiba kwa watu, sisi anatupimia. Siku huyu mtoto akifa ndiyo atatoa bakuli la maana."

Nsobila hakusema kitu. Yinpoka akaendelea kusaga, na jua lilipozama alikuwa ameshasahau.

Mwezi haujaisha, Kolog akaanguka shambani. Homa haikumkalisha sana. Waliomnyanyua kumleta nyumbani walisema alikuwa mwepesi kama mzigo wa nyasi kavu, na neno hilo watu walilisikia wakaliacha lipite. Wakamzika. Boare, kaka yake, akapanda ngazi akafunga kifuniko cha kihenge kwa kamba, uso wake akiwa ameugeuzia vilimani asije akaona ya ndani. Kingefunguliwa kiangazi, siku ya matanga ya mwisho. Yinpoka akavishwa kamba ya ujane shingoni.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Mawele waliyovuna hayakuhitaji kihenge, mitungi ilitosha. Wanawake walipomuuliza kisimani atafikaje mwaka mwingine, Yinpoka alijibu, "Kipo kihenge cha marehemu. Mtu yule alivyokuwa anabana, mtakuta mawele yana mvi." Wakacheka naye. Lakini asubuhi, pale ambapo zamani kata ilikuwa ikikwaruza, palikuwa kimya, akawa anapuliza moto ambao ulikuwa umeshawaka.

Nsobila yeye alibadilika. Tangu mazishi hakupita tena mbele ya kihenge. Alizunguka nyuma, kwa mbuzi. Akiwekewa chakula alimsogezea Asibi. Mifupa ya mabega ikamtoka. Yinpoka alisema ni msiba, utapita. Ukienda kwa mama yeyote ukamuuliza kwa nini mwanawe amenyamaza, atakupa jibu haraka, na mara nyingi si lenyewe.

Kiangazi kikaingia, upepo wa vumbi ukaanza. Boare akaja na Tani, dada yao, wakakaa kivulini uani.

"Nsobila," alisema Boare, "jiandae. Wapiga ngoma wameshatafutwa, pombe ya mtama italetwa na wakwe. Siku ya mwisho nitakupandisha uangalie kihenge cha baba yako."

"Baba mkubwa, angalieni wenyewe."

"Wenyewe akina nani? Mimi nimezaliwa na mdogo wangu?"

Shangazi Tani akacheka mpaka ugoro ukamtoka. "Anaogopa ngazi huyu. Mtoto mzima wa Kolog anaogopa ngazi kama mbuzi mwenye mimba."

"Siogopi ngazi, Shangazi. Nakwenda kusini, machimboni. Wenzangu wanaondoka."

Kicheko kikaisha. Kifungua mimba asipoangalia, matanga hayafungwi. Baba hajafika kwa wazee wake na hayupo nyumbani, amesimama tu mlangoni. Mjane anabaki na kamba yake. Boare alilisema hilo lote, kwa sauti ya mtu anayefoka na kuomba kwa pamoja, na Nsobila alisikiliza akichora ardhi kwa kijiti.

Lakini lililomtisha Yinpoka halikuwa kamba ya shingoni. Lilikuwa machimbo. Mwaka uliopita walikwenda vijana wa nyumba ya pili kuchimba dhahabu ya watu, udongo ukawafunika, na kilichorudi kwa mama yao kilikuwa shati. Mama yule mpaka leo analifua.

Alimtafutia mwanawe kila njia. Alipokuta kifurushi cha nguo kimefungwa nyuma ya mlango, alichukua viatu vyake akavificha.

"Mama, viatu vyangu viko wapi?"

"Waulize mbuzi."

"Mbuzi hawavai viatu."

"Na wewe pia huvai, basi. Mtu haendi kusini pekupeku."

Nsobila akatabasamu, mara ya kwanza kwa siku nyingi, na lile tabasamu ndilo lililomwumiza mama yake kuliko kifurushi. Akakaa karibu naye pale alipokuwa akipasua kokwa za shea, akachukua jiwe akaanza kumsaidia.

"Unamchukia baba yako?" aliuliza Yinpoka.

"Hapana."

"Kuna mtu umemharibia? Binti wa mtu?"

"Hapana, Mama."

"Basi mpe marehemu heshima hiyo ndogo. Kupanda, kuangalia, kushuka."

Nsobila alipasua kokwa kadhaa bila kuinua kichwa. "Mimi sifai kuangalia," alisema. "Nitabeba maji, nitacheza ngoma yake. Lori la kusini linapita njiapanda alasiri ile ya mwisho. Nitakuwa ndani yake kabla hamjafungua. Usiniulize tena, Mama. Ukiniuliza nitaondoka leo."

Yinpoka akamalizia kokwa zake. Alirudisha viatu mwenyewe, maana aliona mtoto huyu kweli angeondoka pekupeku.

Matanga yakafika. Watu walijaa uani mpaka kwenye paa za udongo, pombe ikachemka, ngoma zikalia tangu asubuhi. Yinpoka alikaa na wajane wenzake ukutani, uso chini, kama inavyotakiwa, lakini macho yake yalimfuata Nsobila. Kila alipomwona na ndoo ya maji alipumua. Kila alipomkosa alishika ukuta.

Mchana wa siku ile ya mwisho akaingia Laadi.

Laadi ni mke wa mtoto wa Boare, mdomo wake haujui kupumzika. Kwetu mke wa mtoto ndiye anayepewa kazi ya kumwigiza marehemu, maana yeye ana ruhusa ya utani, na anakuwa amemwangalia kwa jicho la mgeni. Akaingia kavaa joho la Kolog la mistari, kofia yake imemfunika masikio, jembe begani. Akatembea ule mwendo wa Kolog wa kutanguliza kifua. Watu wakaanza kucheka kabla hajafungua mdomo. Akapiga chafya ya Kolog, ile ya kushtua hata majirani. Akagombana na kuku. Akaenda hadi kwenye kihenge akakipiga, pa, pa, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Huyo, huyo," wazee walisema wakifuta machozi. "Kolog mtupu."

Laadi aliona wanafurahi, akanogewa. Akaenda alipokaa mke wa Boare na bakuli lake, akajifanya anakaribishwa. Akarudi nyuma, mkono tumboni.

"Aa, shemeji, usinitese. Mke wangu kanishindilia asubuhi hii, hata kuinama siwezi. Mpe mbwa."

Vicheko. Akakatiza ua kwa mwendo ule ule mpaka mbele ya Yinpoka, akasimama, akajipangusa mdomo usio na kitu.

"Mama Nsobila, kuleni na watoto. Mimi usinihesabu. Nimekula kwa kaka, mkewe kanilazimisha, karibu anifunge kamba."

Watu wakacheka tena, lakini kicheko kiliishia katikati. Mke wa Boare ndiye aliyekuwa wa kwanza kuweka bakuli chini.

"Kwangu hakula," alisema. "Mwezi ule wote wa njaa. Nilimkaribisha kila siku, akasema ameshiba kwake."

Yinpoka akainua uso, jambo ambalo mjane hafanyi. "Na kwangu hakula. Alisema ameshiba kwako."

Laadi alisimama na jembe lake. Hakuwa ametunga kitu. Yeye ndiye aliyekuwa akichota maji akipita nyumba hii na ile, alimsikia hapa na akamsikia kule, akaona ni vituko vya mzee. Akaivua ile kofia akaishika kwa mikono yote miwili, na bila ya kofia akawa mwanamke kijana tu aliyevaa nguo kubwa.

Yinpoka alikuwa anamtafuta mwanawe. Alimwona karibu na lango, kifurushi mkononi. Nsobila hakuwa anatoka. Alikuwa amekaa chini pale pale, mavumbini.

"Kihenge ni kitupu," alisema. "Niliangalia."

Shangazi Tani akashika mdomo. Mtu mmoja akamwashiria mpiga ngoma aache.

"Uliangalia lini?" aliuliza Boare.

"Akiwa hai." Nsobila alisema akiitazama ardhi. "Asibi alikuwa analia. Mama alisema kimejaa. Baba alikuwa shambani, nikaweka ngazi. Nilitaka bakuli moja tu, la Asibi. Ndani palikuwa pamefagiliwa, yamebaki mawele ya bakuli chache tu. Kulikuwa na mbegu kwenye kitambaa, na ufagio. Nikashuka. Mwezi haujaisha akafa. Mimi ndiye niliyemuua, Baba mkubwa. Sasa mnataka nipande tena mbele ya watu, niangalie mara ya pili."

Fikirini mtoto amelibeba hilo tangu mvua mpaka kiangazi, anakula nalo, analala nalo, na mama yake yuko hapo hapo anamuuliza kama amempa mimba binti wa mtu.

Wazee wakaanza kunong'ona. Mmoja alisema kijana arudishwe ndani, jambo hili halina njia. Mwingine akasema njia ipo lakini si leo, matanga yaahirishwe, ardhi iulizwe. Na kwenye barabara ya njiapanda, mbali, honi ya lori ilisikika. Nsobila aliisikia. Akaanza kunyanyuka.

Yinpoka alitoka ukutani. Wajane wenzake walimvuta nguo, akaiacha nguo ivutike. Alikatiza ua wote mbele ya wanaume na kamba yake shingoni, akaenda kukaa chini langoni, mlango mzima ukajaa yeye.

"Asiulizwe mtoto," alisema. "Niulizwe mimi. Nilimwambia kwamba baba yake ana kihenge kilichojaa na moyo mtupu. Nilimwambia hivi hivi, Asibi akiwa mapajani mwake. Mlitaka afanye nini? Mtu akikwambia kuna maji nyuma ya kilima na mdogo wako anakufa kiu, hutapanda?"

"Shemeji, mila haisemi hivyo," alisema Boare, lakini kwa unyonge.

"Mila inamkataza mtoto anayetaka baba afe. Huyu alitaka mdogo wake ale. Wifi Tani, sema wewe, ni ndugu yako."

Shangazi Tani alikuwa analia bila kujificha. Akajifuta kwa ncha ya nguo. "Ndugu yangu ameuawa na njaa," alisema. "Na kiburi. Alikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, alikuwa anakataa kiazi huku mate yanamtoka. Macho ya mtoto hayaui mtu. Kama macho yanaua, mimi mume wangu angekuwa ameshakufa zamani."

Mtu mmoja akacheka, akajiziba. Mwingine akacheka. Boare hakucheka. Alimkumbuka mdogo wake akikataa chakula, na jinsi yeye mwenyewe alivyolirudisha bakuli mbele yake haraka, akafurahi kidogo kwamba limebaki. Hakulisema hilo mbele ya watu. Alisema tu, "Leteni kuku mweupe wangu, yule jogoo. Na maji ya unga."

Akaenda chini ya kihenge akamwambia marehemu habari yote, kama unavyomwambia mtu aliyekuwa safarini: mtoto aliangalia, aliangalia kwa sababu hii, wewe unaijua sababu kuliko sisi, maana uliificha. Jogoo akachinjwa, akatupwa, akatapatapa, akaanguka chali, mbawa wazi. Wazee wakainama kutazama. Akianguka chali amekubaliwa.

Lori lilipiga honi tena, likaenda. Yinpoka alilisikia mpaka lilipoishia, na ndipo aliponyanyuka langoni.

Boare akampandisha Nsobila. Kamba ikakatwa, kifuniko kikavuliwa, na kijana akainama akatazama ndani mchana kweupe mbele ya ukoo wote.

"Umeona nini?" Boare aliuliza, kama inavyoulizwa.

Inavyojibiwa ni: nimeona mali ya baba yangu. Nsobila alikaa ameinama. Watu wa chini waliona mgongo wake ukitetemeka, kisha ukatulia.

"Nimeona alivyotuficha," alisema. "Na mbegu zake zipo."

Wazee walitazamana. Hakuna aliyemsahihisha. Usiku huo Nsobila alikula, na alipomaliza aliomba tena, na Yinpoka aligeukia moto asionekane uso.

Mwaka uliofuata haukuwa rahisi, nisiwadanganye. Boare alileta mtama, Laadi alileta njugu mawe na maneno mengi, Yinpoka akauza mafuta ya shea mpaka mikono ikachubuka. Mvua zilipokuja Nsobila alipanda zile mbegu za kwenye kitambaa. Machimbo hakuyataja tena, ingawa mama yake, kila lori likipiga honi, bado husimama kidogo.

Ninyi mlio na watoto, chungeni mnachosema mkiwa na njaa. Na ninyi wanaume, mkificha upungufu, watoto wanakwenda kuutafuta wenyewe gizani.

Sasa ni Nsobila anayepanda asubuhi. Yinpoka hapandi, mila ni ile ile. Anakaa chini anasaga, anasikia kata. Juzi kijana alishuka, akaweka bakuli mbele yake, akachuchumaa.

"Mama," alisema, "mawele kihengeni yamefika chini ya goti langu. Yatatufikisha mwezi wa palizi, hayatafika mavuno."

"Basi leo tunaanza kuchanganya na majani," alisema Yinpoka. "Na umwambie Boare mapema."

"Nimeshamwambia."

"Kasema nini?"

"Kasema hata kwake hayatafika."

Yinpoka akacheka, akasogea kumpisha akae. Walikula bakuli moja, watatu, ugali wa kijani, na hakuna aliyesema ameshiba kabla hajashiba.